Shilingi Ilale Mtaani: Mwongozo kwa Mgeni Aliyeletwa Nairobi na Kazi

Mwezi wangu wa kwanza Nairobi nilinunua vitunguu supamaketi, vimefungwa kwenye wavu mwekundu, vimelingana kama mayai. Wiki ya tano geti la mbele la jengo letu likaharibika, tukawa tunapita uchochoro wa nyuma, na huko ndiko nilikomkuta mama mboga chini ya mwavuli uliopauka, vitunguu vyake vimemwagwa juu ya gunia. Nikamwambia kama nilivyolelewa Dar: "Shikamoo mama. Naomba vitunguu vya hamsini."

Akanitazama, akacheka. "Wewe ni wa Tanzania. Hapa hatuombi, tunanunua. Na hivi vitunguu ni vya kwenu, vimeingia na lori la Namanga."

Kweli vilikuwa vya kwetu. Vitunguu vingi vinavyoliwa jiji hili huvuka mpaka kutoka Tanzania, na Mang'ola kule Karatu ni mojawapo ya mashamba yake makubwa. Vilikuwa vilevile vya supamaketi. Mwezi mzima nilikuwa nalipia wavu.

Naandika haya kwa wenzangu tulioletwa hapa na kazi: Watanzania, Wakongo, Waganda, Warundi, na wale wa mbali zaidi waliokwisha kujifunza Kiswahili. Wengi wetu tunalipwa vizuri kuliko jirani aliyezaliwa mtaa huuhuu. Mshahara unaingia tarehe 28, na kabla ya tarehe 5 umekwisha kuondoka Kenya: kodi ya nyumba kwa dola, jibini ya Ulaya, filamu za mtandaoni, ada ya watoto, na pesa ya kumtumia mama nyumbani. Ya mama siigusi. Hizo nyingine zinaweza kupunguzwa, na kinachobaki kikapita mikono mitatu minne ya watu wa hapa kabla ya kwenda zake.

Hatua ya 1: Shika jembe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nairobi jembe lenyewe ni laini ya simu. M-Pesa ilianza hapa Kenya Machi 2007, na leo muuza mahindi ya kuchoma, fundi viatu na kanisa vyote vina namba ya kulipia. Ile M-Pesa yako ya Vodacom haitakufikisha mbali. Sajili laini ya hapa, weka pesa kwa wakala, kisha ujifunze tofauti ya njia tatu, maana si zote zinamfaa muuzaji sawasawa.

Ukilipa kwa namba ya tili, ile namba ya M-Pesa ya duka, wewe mnunuzi hukatwi ada. Ukilipa kwenye Pochi la Biashara, mfuko wa M-Pesa wa wafanyabiashara wadogo, unalipia kama unayemtumia mtu pesa, lakini mauzo yake hayachanganyiki na pesa yake ya nyumbani. Ukimtumia kwenye namba yake binafsi, pesa ya nyanya inaingia kapu moja na ya karo, na jioni hajui amepata faida au amekula mtaji. Kwa hiyo usiamue wewe. Muulize: "Nilipe wapi?" Wengine watakuambia wanataka taslimu, kwa sababu alfajiri sokoni kuna watu wanaotaka noti mkononi.

Na usimpelekee noti ya elfu saa moja asubuhi. Hana chenji. Atalazimika kuacha meza yake akimbie kwa jirani kuivunja, na wateja wawili watapita wakati hayupo. Beba noti za hamsini, mia, mia mbili. Beba na kikapu pia: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake kwenye karatasi inaweza kufika shilingi milioni nne.

Hatua ya 2: Andika mwezi mmoja

Daftari lolote. Kila ulicholipa, mbele yake andika jina la mtu uliyempa, ukiwa unamjua. Usiandike jina la duka. Mwezi wangu wa pili nilikuwa na mistari 94 na majina sita. Mlinzi alikuwa mmoja wao kwa sababu nilimpa ya chai Krismasi. Hakuna haja ya hesabu ya ziada. Nenda hatua ya tatu.

Hatua ya 3: Chagua mama mboga mmoja, ubaki naye

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye faida kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Yeye huamka saa tisa usiku. Anapanda matatu ya kwanza hadi soko la Wakulima, pale Haile Selassie Avenue, ambalo kila mtu analiita Marikiti. Ananunua viazi vya Nyandarua kwa gunia au kwa kugawana gunia na mwenzake, nyanya kwa kreti, sukuma kwa mafungu makubwa. Anamlipa mwenye mkokoteni, anachangia pikapu na kina mama wengine wanne, na saa moja asubuhi ameshapanga meza. Mtaji wa safari hiyo ni mauzo ya jana. Hana mwingine. Jana ikiwa mbaya, leo ananunua kidogo. Leo akinunua kidogo, bei ya jumla inampanda.

Sasa fikiria mteja mwenye mshahara wa ofisi anayesema, "Mama, andika, nitakulipa mwisho wa mwezi." Shilingi mia tatu kwako ni kahawa moja ya mjini. Kwake ni sehemu ya kreti ya kesho. Kosa hili nimelifanya, tena kwa tabasamu, nikiamini naonyesha kwamba tumezoeana. Siku niliyolipa deni la wiki tatu alinishukuru mno, na ile shukrani ndiyo iliyonionyesha kwamba nilikuwa nimemkalia. Lipa siku ileile. Ukisahau simu, rudi jioni.

La pili, na hili hakuna aliyeniambia: mpe oda usiku uliotangulia. Ujumbe mfupi tu: "Kesho kilo mbili za nyanya, managu mafungu matatu, dania, ovakado nne za kuiva Jumamosi." Anayejua kwamba nyanya kilo mbili zimeshapata mwenyewe hununua bila hofu, na kisichonunuliwa kwa hofu hakiozi mezani. Mimi hulipia oda ya Jumamosi siku ya Ijumaa jioni. Ni mkopo mdogo usio na riba na hakuna anayeuita mkopo.

Utahitaji kubadilisha msamiati kidogo. Mnavu ni managu. Giligilani ni dania. Choroko ni ndengu. Parachichi ni ovakado, na viazi utasikia vikiitwa waru. Gorogoro ni kile kikopo cha bati cha kupimia nafaka. Akikukatia sukuma nyembamba kama nyuzi, hiyo ni kazi ya mkono, usiione kama zawadi. Nikikatiwa, huongeza.

Nunua cha msimu na cha karibu. Ovakado za Murang'a, maembe ya Makueni, mchele wa Mwea kule Kirinyaga. Kuhusu mchele nitasema ukweli: mimi ni mtu wa mchele wa Kyela na sitabadilika moyoni, lakini pishori ya Mwea ikiwa safi inanukia hadi kwa jirani. Shida ni kwamba Kenya inakula mchele mwingi kuliko inaolima, mwingine unatoka Pakistan, na kuna wanaouchanganya. Tafuta muuzaji mwenye ndugu Mwea, onja kilo moja kwanza. Samaki nao ni hivyohivyo: tilapia wengi waliogandishwa wametoka China. Muulize muuzaji yupi ni wa ziwani, na ujue wa ziwani atakugharimu zaidi.

Na vitunguu vya Mang'ola je, vinahesabika kuwa vya hapa? Mimi nimeacha kubishana na mipaka. Mkulima ni wa kwetu, dereva wa lori huenda ni wa Kajiado, mbeba gunia ni wa Marikiti, muuzaji ni jirani yangu. Wote wamekula.

Supamaketi si adui. Naivas na Quickmart zilianzishwa na Wakenya na zimeajiri Wakenya. Sabuni, mafuta na unga nanunua huko. Mboga hapana.

Hatua ya 4: Bei, na adabu ya bei

Mtanzania mgeni hapa ana ugonjwa mmoja: kila bei anaizidisha kwa ishirini kuipata kwa shilingi yetu, kisha anashika kichwa. Acha. Unalipwa kwa pesa ya hapa, hesabu kwa pesa ya hapa.

Kuna mahali pa kupatana na mahali pa kunyamaza. Fungu la sukuma halipatanwi. Mahindi ya kuchoma hayapatanwi. Mitumba, viti, vinyago na kila kitu cha Maasai Market, patana hadi mcheke wote wawili. Kiswahili chako ni mali hapo. Mgeni asiye na lugha huambatana na dalali anayebeba kapu na kuongeza chake juu ya kila kitu, na mwenye bidhaa hapati hata nusu ya ongezeko. Wewe mpite dalali kwa heshima, keti chini na mwenye meza, umuulize kinyago kimechongwa wapi. Vingi vya mbao asili yake ni Wamunyu, kwa Wakamba. Vya mawe laini ni vya Tabaka, Kisii. Anayejua jina la kijiji mara nyingi anamjua na mchongaji.

Kulipa kupita kiasi nako kuna madhara yake. Miezi kadhaa nilimpa kijana wa boda wa steji yetu mia mbili kwa safari ya mia. Nilijiona mwema. Kisha jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, akanisimamisha kwenye ngazi: "Dada, wewe ndiye uliyetuharibia boda? Sasa hawataki kusikia mia." Alikuwa sahihi. Wema wangu ulikuwa umelipiwa na mwalimu. Tangu siku hiyo nalipa bei ya mtaa, na nikitaka kumwongeza mtu namwongezea kwa sababu: mvua, mzigo mzito, usiku. Kila mtu wa steji anaelewa sababu.

Nyumba ni habari hiyohiyo kwa kipimo kikubwa. Tangu UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilipokuja Nairobi miaka ya sabini, Gigiri na mitaa ya jirani imejaa sisi, na mwenye nyumba akijua kodi inalipwa na shirika, bei hupanda bila hata rangi mpya. Uliza majirani Wakenya wanalipa ngapi kabla ya kutia saini. Dai mkataba uandikwe kwa shilingi.

Hatua ya 5: Mpe kazi fundi, lakini kwa utaratibu

Kabla ya kununua samani za kiwandani zilizosafirishwa kwa meli, tembea Ngong Road. Vitanda, meza, sofa, vyote vinatengenezwa ukiviona, kando ya barabara. Kwa sufuria, masanduku ya bati na majiko nenda Kamukunji, ambako utasikia nyundo kabla ya kuona mtu. Lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo ndani, linalotumika nusu ya Afrika Mashariki, lilibuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupunguza makaa, na likaenea kwa sababu mafundi wa jua kali waliweza kulitengeneza kwa mikono yao, bila kungojea kiwanda.

Sasa aibu yangu. Nilimwagiza fundi kabati la nguo, nikalipa lote siku ya kwanza. Ilikuwa Januari. Kabati lilikuja baada ya wiki kumi na moja, na mlango mmoja unafunguka upande usiofaa mpaka leo. Nilipomkasirikia alinieleza bila kuficha: shule zilikuwa zimefunguliwa. Sikuwa nimelipia kabati, nilikuwa nimelipia karo. Na yeye, kila akimaliza kazi ya mteja mwingine, alikuta pesa yangu imekwisha na mbao bado hajanunua. Nilimtia shimoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Tangu hapo nafanya hivi. Naleta picha na vipimo kwa sentimita. Nakwenda naye kununua mbao. Yeye anachagua, mimi nalipa. Saiprasi ni rahisi na inafaa kwa rafu, mbao ngumu ni kwa meza itakayorithiwa. Ufundi nalipa mara tatu: akianza kupiga randa, fremu ikisimama, na vanishi ikikauka nyumbani kwangu. Januari simpi kazi kubwa mtu yeyote mwenye watoto shuleni, ila kazi ndogondogo za kulipwa siku hiyohiyo, ambazo ndizo anazozihitaji mwezi huo. Kazi ikiwa nzuri, naipiga picha namtumia kila mgeni mpya wa ofisini. Fundi wangu wa sasa amepata wateja tisa kwa njia hiyo, na simwombi kamisheni, ingawa amewahi kunipa kigoda.

Vivyo hivyo viatu, simu, redio. Mpe fundi akitengeneze kabla ya kununua kipya.

Hatua ya 6: Nguo

Hapa watu wazima wanagombana, nami nitasema langu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019 ili viwanda vya nguo vipumue. Marekani ikatishia kutuondoa kwenye AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, Kenya ikajitoa mapema, na mwishowe ni Rwanda peke yake iliyoshikilia ushuru wake, ikapoteza nafuu ya nguo mwaka 2018. Kwa hiyo robota bado zinafika masoko ya Gikomba na Toi, na maelfu ya watu wanaishi kwa kuzifungua, kuzichambua, kuzipiga pasi, kuzishona upya. Chaguo la kwanza linaitwa kamera, la mwisho linaitwa fagia. Sina ubavu wa kumwambia mama wa Toi kwamba biashara yake ni dhambi.

Ninachofanya: nguo za watoto na za mvua nanunua mitumba. Za ofisini na za sherehe nashonesha. Kitambaa nanunua Eastleigh au Biashara Street, ambako leso na vikoi vimeuzwa miaka mingi, na mshonaji yuko mita mia mbili kutoka kwangu, kwenye kontena la bluu. Mpelekee nguo inayokukaa vizuri aipime, usimweleze kwa maneno. Na usimwambie unaihitaji Jumamosi wakati harusi ni Jumamosi. Sema Jumatano.

Hatua ya 7: Anayefanya kazi nyumbani kwako

Kwa wengi wetu huyu ndiye mtu wa hapa anayepokea pesa yetu nyingi kuliko wote, na ndiye tunayemlipa kwa kukisia. Mgeni mpya anauliza wenzake ofisini, "Dada analipwaje?" anapewa takwimu ya mwaka 2015, anaifuata. Usikisie.

Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kama haishi kwako, unaongeza posho ya nyumba ya asilimia 15, jumla karibu shilingi 18,530. Hiyo ni sakafu, na si lazima uishi sakafuni. Tazama pia kama agizo jipya limetoka, kwani nyongeza hutangazwa mara nyingi Mei Mosi.

Juu ya hapo kuna michango. NSSF ni asilimia 6 kutoka kwake na asilimia 6 kutoka kwako. Bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya mshahara wake. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwako. Waajiri wengi huzikwepa kwa kusema "yeye mwenyewe hataki akatwe". Hataki kwa sababu mshahara ni mdogo. Pandisha mshahara kidogo ili makato yasimguse, kisha ulipe. Siku mtoto wake atakapolazwa, kadi iliyolipiwa itamsaidia kuliko mchango wa haraka mtakaopitisha kwenye kundi la simu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo, siku moja ya kupumzika katika kila saba, na miezi mitatu ya uzazi kwa malipo kamili. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inataka mkataba wa maandishi. Uandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, msome pamoja, kila mmoja abaki na nakala. Wa kwangu alisoma hadi mwisho, akarudi kwenye mstari wa likizo, akauliza, "Hii ni ya kweli au ya kuandika tu?" Nikamwonyesha kalenda.

Mama fua wa siku naye, mlipe akimaliza kufua. Kumwambia aje Ijumaa kuchukua pesa ni kumlipisha nauli mara mbili.

Hatua ya 8: Usafiri

Panda matatu. Nauli yake ni ya dereva, makanga, mwenye gari na Sacco, yaani ushirika wao, wote wa hapa. Mvua ikinyesha itapanda, usishangae. Ukiita teksi kwa programu, kumbuka kampuni inakata sehemu ya nauli. Kanuni za mwaka 2022 ziliizuia isipite asilimia 18. Ukimpata dereva mwangalifu, chukua namba yake kwa safari za uwanja wa ndege na umlipe yeye moja kwa moja. "Chai" ya askari barabarani usiihesabu kuwa mchango wako kwa uchumi wa mtaa. Hiyo chai haina majani.

Hatua ya 9: Tumia kalamu ya ofisi

Kikapu chako cha mboga ni kidogo ukilinganisha na saini yako. Kama unaagiza chakula cha semina, fulana za mradi, uchapishaji wa ripoti au magari ya safari za kikazi, wewe ndiye uchumi wa mtaa wenyewe. Serikali ya Kenya tangu 2013 hutenga asilimia 30 ya manunuzi yake kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ofisi yako inaweza kujiwekea kanuni kama hiyo bila kungojea makao makuu.

Gawanya oda. Chakula cha watu themanini si lazima kitoke hotelini; kikundi cha kina mama wanne wenye kibanda kinaweza kuleta pilau, githeri, kachumbari na chapati za moto, mradi uwaambie wiki mbili kabla na uwape nusu ya malipo ya kununulia. Nusu nyingine ilipwe ndani ya siku saba. Mashirika makubwa yana mazoea ya kulipa baada ya siku 60 au 90, na biashara ndogo hufa katikati ya siku hizo ikiwa na kazi nyingi na pochi tupu. Kama mhasibu wako anasema mfumo hauruhusu, kaeni naye chini muujaze ule mfumo pamoja. Mara nyingi kinachokosekana ni fomu moja na PIN ya KRA ya muuzaji, yaani namba yake ya mlipakodi, na unaweza kumsaidia kuipata alasiri moja tu.

Zawadi za wageni wa ofisi zitoke kwa wenye kuzitengeneza: vyondo vya Kariokor, soko lililobeba jina la Carrier Corps wa Vita vya Kwanza vya Dunia, au ushanga wa udongo wa Kazuri kule Karen, karakana iliyoanza mwaka 1975 na kina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao.

Hatua ya 10: Ukikaribia kuondoka

Wageni huharibu mengi wiki ya mwisho. Mkataba umekwisha, wanafunga masanduku, na watu waliowategemea wanapata habari kwa mlinzi.

Mfanyakazi wako anayelipwa kwa mwezi ana haki ya taarifa ya siku 28 kabla. Mpe sitini. Mlipe siku za likizo alizobakiza, umwandikie cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake kisheria, na ukionyeshe tarehe na kazi alizojua kufanya, si "alikuwa mtu mzuri" tu. Mtafutie nyumba nyingine ya kufanyia kazi ukiwa bado upo, kwa kuwa neno la mwajiri aliyekwisha ondoka halina uzito.

Friji, meza na godoro uza mtaani kwa bei ya mtaa. Usivigawe ovyo getini, watu watagombana, na atakayepata ni mwenye sauti kubwa. Fundi aliyetengeneza kitanda mara nyingi atakinunua, akipige msasa na kukiuza tena.

Na mama mboga mwambie miezi miwili kabla. Amekuwa akinunua kreti yake ya nyanya akikuhesabu. Mtambulishe kwa mpangaji anayekuja, uwakutanishe chini ya mwavuli, mpe mpangaji namba ya tili, na umwambie asije na noti ya elfu asubuhi.